Wireless Wire ya MikroTik: gigabiti moja bila kuchimba mtaro

Kwenye boksi mna visanduku viwili vya wAP 60G, yaani redio za gigahezi 60 zinazobeba mtandao hewani badala ya kebo, vilivyooanishwa tangu kiwandani. Kila kimoja kina tundu moja la Ethaneti na hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao. Kwa kuunganisha majengo mawili yanayotazamana, ni kazi safi. Redio ikishika vizuri husoma gigabiti 2.3 kwa sekunde (MCS 8, ngazi ya kasi ya redio), ila tundu ni la gigabiti 1, kwa hiyo usitarajie zaidi ya hapo.

Kabla ya kupanda ngazi, shughulikia chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho redio itatumia. Kiwango cha 802.11ad cha IEEE (shirika la wahandisi linaloweka viwango), kilichotoka Desemba 2012, kiliigawa bendi ya gigahezi 60 katika chaneli zenye upana wa gigahezi 2.16, na ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano) ikaingiza mifumo hii katika pendekezo lake la M.2003. Tatizo ni kwamba kila nchi ilifungua kipande chake: Ulaya gigahezi 57 hadi 66, Marekani 57 hadi 64 (ikaongeza hadi 71 mwaka 2016), China 59 hadi 64. Ukivipanga vipande hivyo, chaneli zinazoingia nzima kote ni mbili tu, ya 2 (megahezi 60480) na ya 3 (megahezi 62640). China, kwa ufinyu huo, ilisukuma kiwango cha 802.11aj cha mwaka 2018, chenye chaneli nusu za gigahezi 1.08 na bendi ya ziada ya gigahezi 45. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: weka 60480 au 62640, na uulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kwanza. Usichanganye chapa mbili kwenye kiungo kimoja kwa kuwa tu zote zimeandikwa 802.11ad.

Kufunga si kugumu. Antena hujielekeza yenyewe ndani ya nyuzi 60, hivyo nguzo ikiyumba kidogo si kitu. Hata hivyo endesha amri ya `/interface w60g monitor wlan60-1` kwenye kisanduku na usome mstari wa tx-sector-info (mwelekeo wa boriti ya antena): ikisema kulia au chini, sogeza kisanduku upande huo hadi isome center (katikati). Fanya hivyo pande zote mbili, kisha kaza boliti huku ukiitazama tx-phy-rate (kasi ya redio), maana kukaza nako huhamisha kisanduku.

Mvua hulaumiwa kupita kiasi. Kwenye mita 150, oksijeni hula desibeli 2 hivi za nguvu ya mawimbi, na mvua ya milimita 50 kwa saa karibu 3. Kinachoua kiungo ni majani. Tawi la mwembe lililokuwa pembeni wakati wa kiangazi huota mbele ya antena masika yakifika, tena likiwa limelowa. Kasi inaanguka, watu wanalaumu mvua. Kioo chenye rangi ya kuakisi jua nacho hukata mawimbi, kwa hiyo usiweke kisanduku ndani ya dirisha. Elekeza kebo chini na uikunje kitanzi kabla ya kuingia, la sivyo maji yatafuata waya hadi kwenye tundu.

Kasoro kubwa ni kukosa redio ya akiba. Kama kiungo hakiruhusiwi kukatika hata kidogo, chukua Cube 60G ac ya kampuni hiyohiyo, ambayo huhamia gigahezi 5 yenyewe. Kwa umbali unaokaribia kilomita, chukua Wireless Wire Dish, yenye antena ya sahani, lakini kwenye nguzo isiyotikisika.