Neno la siku lililobisha hodi saa tisa usiku

Kwa takriban mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia huduma ya simu ambayo kila siku humletea mteja wake neno moja la Kiingereza, pamoja na maana yake, tafsiri ya Kiswahili, sentensi ya mfano, sauti ya matamshi na historia fupi ya asili yake. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya neno "opportune", ambalo husemwa kwa jambo lililotokea wakati mwafaka kabisa, nalo lilinifikia saa tisa usiku kwa mlio uliotosha kuamsha nyumba nzima. Programu hiyo hufuata saa ya nchi ya waandaaji wake, na nimetafuta bila mafanikio mahali pa kuibadilisha.

Hata hivyo, kwa kuwa usingizi ulikwisha kuruka, niliisoma kurasa yote, na ni haki kukiri kwamba sehemu ya asili ya neno imeandikwa kwa ustadi. Inaeleza kwamba neno hilo linatokana na neno la Kilatini "opportunus", lililopitia Kifaransa kabla ya kuingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15, na kwamba ndani yake mna vipande viwili: "ob", yaani kuelekea, na "portus", yaani bandari. Picha inayojengwa ni ya chombo cha matanga kilichopata upepo unaokisukuma kuingia bandarini. Nahodha hana uwezo wa kuuamuru upepo. Aweza kuwa na chombo kizima, mabaharia hodari na shehena iliyofungwa vizuri, lakini akikabiliwa na upepo wa omo atabaki nje akiitazama bandari kwa macho. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili halikuhusu kuwahi tu, bali hali ya nje kukubaliana na safari ya mtu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba waandishi hawakumsahau mwenzake wa kinyume, "importunus", yaani kisicho na bandari, ambaye kutoka kwake Kiingereza kilipata neno la kumwelezea mtu anayesumbua wengine kwa kuombaomba bila kukoma. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, hadithi ya bandari inasimama imara. Nina dukuduku moja tu hapa: huduma inautaja upepo kana kwamba Warumi wote waliutaja, ilhali maelezo ya kale yanayohusishwa na mwanasarufi Festus husema tu kwamba bandari ndizo zenye manufaa na zinazotamaniwa zaidi na wasafiri wa baharini. Sentensi moja ya tahadhari ingetosha. Na tahadhari si mzigo kwao, kwani walipoleta neno "posh", yaani -a kifahari, walisema wazi kwamba ile hadithi maarufu ya kulitoa kwenye tiketi za meli za kwenda India haina ushahidi.

Sehemu ya maana ndiyo iliyonikwaza. Tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa ni "kwa wakati", basi, na mfano wake unahusu ripoti iliyowasilishwa kabla ya tarehe ya mwisho. Hilo ni kosa, kwa sababu linaloweza kusemwa juu ya ripoti hiyo ni kwamba haikuchelewa, basi. Hakuna hali yoyote iliyojipanga kuipokea. Mgeni aliyeahidi kufika asubuhi akatokea jioni amechelewa, lakini akikukuta unahangaika kuinua kabati peke yako, kuja kwake ni kwa wakati mwafaka ingawa si kwa wakati. Msomaji anayejifunza Kiingereza kwa kutegemea kurasa ile atalitumia neno hilo vibaya kwa miaka mingi.

Kosa hilo linasikitisha zaidi kwa kuwa Kiswahili kina akiba ya kutosha ya maneno ambayo mtafsiri angeweza kuyachota. "Mwafaka" lenyewe, ambalo wengi huliandika "muafaka", linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupatana, na ni ndugu wa "kuafiki" na "kuafikiana". Wakati mwafaka ni wakati uliopatana na haja. "Fursa" nayo ina asili ambayo, kwa maoni yangu, haizidiwi uzuri na ile ya bandari: katika Kiarabu cha kale neno hilo lilitumika kwa zamu ya mtu kwenye maji, pale watu walipokuwa wakipokezana kuteka. Zamu ikikupita, mwingine amekwisha kutumbukiza ndoo yake. Ama "wasaa", limetoka kwenye mzizi wa upana, na ndiyo maana tunasema mtu amepata wasaa anapokuwa hakubanwa na shughuli.

Sauti ya matamshi ni safi, ingawa msemaji huenda mbio mno. Matangazo ya biashara ni mengi, lakini hukaa chini ya kurasa na hayamzuii mtu kusoma. Kwa anayependa asili ya maneno naipendekeza huduma hii bila kusita, mradi awe na kamusi nzuri ya Kiswahili pembeni kwa ajili ya maana. Mimi naendelea nayo, ila tangu usiku ule simu yangu huizima sauti kabla ya kulala.