Darasa la jiometri la Jumamosi, Ngara: "ikiwa" na "basi" zinapopewa nafasi yake

Binti yangu wa kidato cha tatu amehudhuria darasa hili, lililo katika ghorofa moja pale Ngara, kwa wiki nane, na kwa kuwa nilikuwa nikimsubiri kwenye benchi la nyuma, ninaeleza niliyoyaona mwenyewe. Ada ni shilingi 600 kwa kipindi cha saa mbili.

Nilimpeleka kwa sababu ya karatasi moja ya mtihani. Alikuwa ametakiwa kuthibitisha kwamba pembetatu fulani ina pande mbili zilizo sawa, naye akaanza kwa kuandika kwamba pembe mbili ni sawa "kwa kuwa pande mbili ni sawa". Jambo alilotakiwa kulithibitisha alikwisha kulikubali tangu mstari wa kwanza, na hata baada ya kusahihishiwa hakuiona kasoro hiyo.

Mwalimu hakumrundikia maswali mengine ya aina ile, bali alianzia kwenye lugha. Aliandika ubaoni "Ukisoma kwa bidii, utapita", kisha akawauliza wanafunzi sentensi hiyo inasema nini juu ya asiyesoma. Karibu wote walijibu kwamba ataanguka. Alipowaomba wamwonyeshe neno linalosema hivyo, darasa likanyamaza. Tangu siku hiyo kila kauli iliandikwa kwa mistari miwili, sharti likianza na "ikiwa" na tokeo likianza na "basi", na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mstari wa chini kurudi wa juu bila uthibitisho mwingine.

Somo lililonigusa zaidi ni la rombasi, yaani pembenne yenye pande zote nne sawa. Ikiwa pembenne ni rombasi, basi mishazari yake, ile mistari inayounganisha pembe zinazokabiliana, hukatana kwa pembe mraba. Je, kauli hiyo ikigeuzwa itasimama? Mwalimu alichukua njiti mbili za ufagio, moja ndefu na moja fupi, akazifunga kwa pembe mraba, fundo likiwa katikati ya ile fupi lakini karibu na ncha ya juu ya ile ndefu, kisha akapitisha uzi kwenye ncha zote nne. Likapatikana umbo la tiara, lile la watoto: mishazari inakatana kama inavyotakiwa, ilhali pande za chini ni ndefu kuliko za juu. Mfano huo mmoja uliiangusha kauli geuzi nzima, na binti yangu aliishika tiara ile mkononi mpaka tulipofika stejini.

Hata hivyo, zipo kauli ambazo hugeuzwa na kubaki kweli, lakini kila upande hudai uthibitisho wake. Euclid wa Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kanuni ya Pythagoras (ikiwa pembetatu ina pembe mraba, basi mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande nyingine mbili) katika pendekezo la 47 la kitabu chake cha kwanza, na kauli yake geuzi akaithibitisha kando katika la 48. Fundi anayepima mita 3 upande mmoja wa msingi wa nyumba na mita 4 upande wa pili, kisha akasogeza kamba mpaka umbali kati ya alama zake uwe mita 5, anategemea hiyo ya 48, kwa maana anazijua pande na anatafuta pembe. Nimejenga nyumba bila kulijua hilo.

Zipo dosari. Nakala za mazoezi hutoka hafifu kiasi kwamba herufi za pembe hazisomeki, na chumba hujaa mno. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kugeuza na kukanusha kwa pamoja, yaani kusema kwamba pembenne ambayo mishazari yake haikatani kwa pembe mraba si rombasi, kulipewa robo saa tu mwishoni, ingawa kauli ya namna hiyo huwa kweli kila mara ile ya awali inapokuwa kweli, na ndiyo mwanafunzi anayoihitaji anapotaka kuonyesha kwamba jambo haliwezekani.

Nimelipia muhula unaofuata, na nimemwomba mwalimu alitengee somo hilo kipindi kizima.