Nimeuziwa Horrorstör isiyo na uso

"Sasa dada, wewe unasoma maneno au unatazama picha?"

Hivyo ndivyo alivyonijibu muuza vitabu baada ya kupokea shilingi 40,000 zangu na kunitumia kwa bodaboda rundo la fotokopi lililobanwa kwa spairo. Ilikuwa masika, mvua ndiyo kwanza zinaanza, tarehe siikumbuki. Swali lenyewe nalikumbuka mpaka sauti yake. Kingekuwa kitabu kingine ningemeza na kunyamaza, maana fotokopi nimezisoma tangu shule na sina dharau nazo. Lakini Horrorstör! Nilimuuliza mara mbili kabla ya kutuma hela: ni orijino? Akasema orijino kabisa, na picha ya kitabu chenyewe akaniwekea.

Asiyekijua aelewe kwanza kwa nini nimekasirika hivi. Hii ni riwaya ya Grady Hendrix, Mmarekani, iliyotolewa mwaka 2014 na Quirk Books wa Philadelphia, na imetengenezwa kama katalogi ya duka la fanicha. Umbo la katalogi, ramani ya duka, fomu ya kuagizia vitu, kila kitu. Kila sura inafunguliwa na tangazo: picha ya bidhaa, jina lake la Kiskandinavia cha kubuni, vipimo, rangi, na maneno matamu ya kukushawishi. Mwanzo ni kochi. Unaendelea na vitu vya nyumbani vya kawaida tu. Halafu usiku unavyozidi kuwa mzito ndani ya duka, zile bidhaa zinaanza kubadilika, mpaka unajikuta unatazama chombo cha kumtesea mtu, kimechorwa kwa mistari ileile safi, na maneno yanakubembeleza kwa upole uleule wa kwenye kochi.

Kwenye nakala yangu kila picha ilikuwa kiraka cheusi. Sura ya kwanza, kiraka. Sura ya mwisho, kiraka. Kwenye ukurasa mmoja vimetokea vidole vya mtu aliyekuwa anakishikilia kitabu juu ya mashine huko steshenari, vidole vinne vyeusi vimekaa juu ya maandishi. Nililipia vidole vya mtu.

Nilimpigia. Akaniambia maneno yote yamo, nihesabu kurasa, hakuna uliopungua. Nikamweleza taratibu, kwa heshima, nikimwita kaka, kwamba humu picha ndiyo nusu ya hadithi. Ndipo akaniuliza swali lile, na nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Nilipomwandikia tena jioni nikakuta amenibloku.

Mimi nimefanya kazi duka la fanicha. Miaka mitatu, duka kubwa, shorumu ya ghorofa mbili yenye kiyoyozi. Kutwa nzima tunawaambia wateja "karibu ukae, jaribu, usiogope", na sisi wenyewe hairuhusiwi kukalia hata stuli. Jioni miguu imevimba navua viatu ndani ya daladala. Kulikuwa na maneno ya kukariri kwa kila kochi, na ukiyasema kwa mwezi mzima sauti yako inabadilika, unakwenda nyumbani unaongea na mama yako kwa sauti ya dukani. Mama aliniuliza siku moja, "Mwanangu, unaniuzia nini?" Sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Cleveland aliponitumia ujumbe wa sauti kwamba kuna hadithi ya vitisho kuhusu wahudumu wa duka la fanicha, tena duka lenyewe liko huko kwao, wilaya ya Cuyahoga, jimbo la Ohio, nilitaka kuishika siku hiyohiyo.

Na nitasema ukweli ingawa unaniuma: niliisoma ile fotokopi. Siku mbili. Mtu mwenye hasira na muuzaji kama mimi nilipaswa kuirudisha, nikaimaliza. Duka linaitwa Orsk, limeiga IKEA, yale maduka makubwa ya fanicha yenye asili ya Uswidi, na halifichi. Asubuhi wafanyakazi wanakuta vitu vimevunjwa na kuchafuliwa, na kamera hazioneshi aliyefanya. Basil, naibu meneja anayeamini kila neno la kampuni, anawachukua wahudumu wawili, Amy na Ruth Anne, walale zamu usiku wajue kuna nini. Amy ananuka madeni na kukata tamaa. Anamchukia Basil, anaichukia kazi, na anaihitaji. Sikuwahi kumsoma mtu kama huyo kwenye hadithi ya mizimu.

Lile duka limejengwa palipokuwa na gereza la karne ya 19, na mkuu wa gereza aliamini mtu anaponywa kwa kazi isiyokwisha. Humo kuna mtambo wa kuzungusha mpini. Mitambo ya hivyo ilikuwepo kweli kwenye magereza ya Uingereza: mfungwa anazungusha mpini maelfu ya mara kwa siku, hasagi nafaka, havuti maji, anazungusha tu, mpaka sheria ya mwaka 1898 ilipoikomesha. Niliposoma sehemu hiyo nilikumbuka tulivyokuwa tunakunjua na kukunja mashuka ya maonyesho siku ambazo mteja hakuna, kwa sababu meneja hakutaka kuona mikono imelala.

George A. Romero, mtengeneza filamu za vitisho, aliwaingiza wafu ndani ya jengo la maduka la Monroeville, Pennsylvania, kwenye filamu yake ya mwaka 1978, wakarudi kuzurura mle kwa mazoea tu. Naiheshimu. Lakini pale anayechekwa ni mnunuzi, na mnunuzi amechekwa sana. Hendrix amemtazama mhudumu aliyesimama. Nyota tano, ndivyo nilivyosema nilipofunga ukurasa wa mwisho, na picha zenyewe sikuwa nimeziona!

Baadaye binamu akaja kwenye harusi ya dada yetu, akaniletea kitabu chenyewe. Nilikifungua jikoni, wengine wanamenya vitunguu, nikasimama na kisu mkononi. Nikatazama picha moja baada ya nyingine kwa mfuatano. Kochi. Baadaye sana, kiti kingine. Kiti hicho unafungwa, na maelezo yake yanakuahidi utulivu, kwa ile sauti. Ile sauti yangu. Nilikaa chini. Shangazi akadhani kizunguzungu, akaniletea maji.

Hapo hasira kwa muuzaji ikarudi maradufu, kwa sababu nilielewa alichoniibia. Maneno matupu yalinipa hadithi ya gereza na mizimu. Mizimu yenyewe, sasa nasema bila woga, ndiyo sehemu dhaifu; yule mkuu wa gereza anahubiri mno, na kila akifungua mdomo hofu inapungua. Kwa maneno peke yake ni kitabu cha nyota tatu, na zile tano zangu za kwanza zilikuwa za mtu aliyejiona kwenye kioo akasahau mengine. Kwa picha, sijui nikipe ngapi. Huwezi kuonesha mahali kochi linapogeuka kuwa mateso, kwa sababu ukurasa haubadiliki. Mpangilio uleule, herufi zilezile, adabu ileile. Msomaji unaendelea kufunua kama unayechagua kabati, na ukishtuka umeshasoma vipimo vya kifaa cha kumzamishia mtu.

Binamu ananiambia nimsamehe huyu kaka, kwamba vitabu vya nje ni ghali, kuviagiza ni shida, na fotokopi ndiyo inayotusomesha wengi. Ni kweli. Angeniambia "dada, ninayo fotokopi tu, picha hazionekani, nipe 10,000", ningempa na kumshukuru, na pengine ningemtumia wateja. Alichagua kuniita mjinga mbele ya wenzake. Juzi nimetazama ukurasa wake kwa simu ya jirani: picha ileile ya kitabu ipo, na neno orijino lipo, na chini yake binti mmoja anauliza bei.

Nimemwandikia yule binti. Nimempigia picha ukurasa wenye vidole, nikauweka karibu na ukurasa huohuo wa kitabu halisi, nikamwambia aangalie mwenyewe kisha aamue. Kitabu anunue, nakisifu mpaka kesho. Kwa yule kaka asinunue. Na 40,000 zangu bado nazidai, namba yangu anayo.