Behind the Name: kulifuatilia jina Yakobo Ulaya nzima

Katika Biblia ya Kiswahili, mwana wa Isaka ni Yakobo, na mtume mwana wa Zebedayo naye ni Yakobo. Fungua ya Kiingereza: wa kwanza Jacob, wa pili James. Kwa kazi ya kuunganisha majina ya namna hii, tovuti ya Behind the Name, aliyoianzisha Mike Campbell mwaka 1996, bado ni ya kutegemewa. Ni ya bure, ila ni ya Kiingereza.

Anzia ukurasa wa James, si wa Jacob. Utaona njia yote: Kiebrania Ya'aqov, Kigiriki Iakobos, Kilatini Iacobus, kisha umbo la Kilatini cha baadaye, Iacomus. Shika hiyo m iliyochukua nafasi ya b. Jakob, Jakub na Iago yametoka upande wa b; James, Giacomo, Jaume na Séamus upande wa m. Santiago ni "mtakatifu" na Yago yaliyogandishwa pamoja. Hamish la Uskoti ndilo tamu zaidi: ni Seumas linavyotamkwa mtu anapoitwa, maana hapo s ya mwanzo hugeuka h.

Tovuti ina uangalifu kuhusu Diego. Wengi hulipachika kama kifupi cha Santiago, lakini nyaraka za kale zina Didacus, na asili yake ina ubishi. Usiliingize kwenye ukoo wa Yakobo bila alama ya kuuliza.

Sehemu ya majina yaliyoletwa na watumiaji iruke. Hayajahakikiwa, na kuyanukuu ni kujitafutia aibu.

Kwa anayesoma vitabu vya ubatizo vya Kilatini, tovuti haitoshi. Jacobus katika kitabu cha Uingereza aweza kuwa James au Jacob. James ndilo lililoenea zaidi, lakini thibitisha kwa wosia au sahihi iliyoandikwa Kiingereza. "Filius Jacobi" ni "mwana wa Jacobus", si jina la ukoo, na kosa hilo huzaa koo ambazo hazikuwapo.

Chati za tovuti za umaarufu wa majina zisome kwa tahadhari. Takwimu za Marekani zinaanzia 1880 na kila tahajia huhesabiwa peke yake, hivyo Jacob na Jakob itabidi uyajumlishe mwenyewe.