Uzoefu wangu na intaneti ya nyumbani: wamenitobolea kidaka

Nilisema ningoje hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Nyumba yetu iko Mkomani, hapa Lamu, ya mawe, kuta zake karibu nusu mita. Kompyuta ni nne: yangu ya hesabu za duka, mbili za watoto wa chuo, na ya kaka yangu ambaye sijui huifanyia nini usiku kucha. Tulichukua laini moja tugawane. Ruta ikawekwa chini, na mawimbi kufika orofani yakawa yamechoka kama punda wa kubeba mchanga. Kwa hilo simlaumu mtu, mawe ni mawe.

Nikapiga simu, wakaleta fundi na ruta ya pili. Kijana hakupiga hodi wala hakuamkia, akapita na viatu juu ya mkeka. Mama akamwambia, "Karibu, mwanangu." Jibu lake: "Stima iko?" Kisha akatoa drili na kuielekeza kwenye zidaka, yale mashubaka ya ukutani. Zidaka! Kazi ya chokaa iliyochongwa kwa mkono, hata bibi yangu aliikuta. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, yeye anautoboa apate pa kutundika kisanduku cha plastiki. Kabla sijamaliza kusema "babangu, ngoja," vumbi limeshaingia kwenye kahawa ya mama. Tundu lenyewe kidole changu cha shahada kinazama. Namuuliza kwa nini asitafute pengine, ananiambia, "Mama, hizi nyumba za kizamani ndizo shida."

Jioni kompyuta zikaanza kugombana, moja ikiingia nyingine inatoka. Siku kadhaa napiga simu, naambiwa nizime niwashe. Mpwa wangu ndiye aliyekaa nayo dakika kumi: ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja, 192.168.1.1, na kila moja ikigawia kompyuta anwani kivyake. Ile ya pili akaipa anwani yake, akaizima DHCP, yaani huko kugawa, ikabaki ya kwanza peke yake. Basi. Hilo ndilo fundi aliyelipwa hakulifanya.

Sasa haki ya Mungu niseme, intaneti yenyewe yaenda. Watoto wanasoma juu, mimi hesabu chini, hakuna anayempigia mwenzake kelele. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu, karibu nne. Halafu asubuhi hii wakanitumia ujumbe: je, umeridhika na kazi ya fundi wetu? Nikainua macho, nikaliona tundu, mama kaliziba kwa kitambaa mijusi isiingie.

Nyota moja. Fundi wa chokaa niliyemwendea mtaa wa Langoni amenikataza nisiguse saruji pale, ningoje chokaa yake ilale kwanza majini. Lini itakuwa tayari, hakusema.