Mfumo wa GPA katika shahada ya kwanza Tanzania: tathmini ya mtumiaji

Kati ya huduma zote ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu hulipia ada, inayomfuata kwa muda mrefu zaidi baada ya mahafali ni ile inayogeuza alama zake za miaka mitatu kuwa namba moja yenye nukta, yaani GPA (wastani wa pointi za kozi zote). Niliutumia mfumo huo nikiwa mwanafunzi, na siku hizi nauona kwa upande wa pili, kwa kuwa kazi yangu ni pamoja na kuchambua vyeti vya waombaji wa ajira.

Masharti ya msingi yako wazi na hayana mizengwe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka shahada ya miaka mitatu iwe na krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni sawa na saa 10 za masomo, zikiwamo za mihadhara, semina, majaribio na kujisomea. Katika kipimo cha kitaifa, alama 70 na kuendelea ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B yenye pointi 3, na 40 hadi 49 ni C yenye pointi 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Anayepata 4.4 na zaidi hutunukiwa daraja la kwanza, kuanzia 3.5 ni la pili la juu, kuanzia 2.7 ni la pili la chini, na kuanzia 2.0 ni pasi.

Uzito huo wa krediti ni jambo jema, kwani kozi ya krediti 12 huvuta GPA mara moja na nusu kuliko ya krediti 8, ingawa wanafunzi wengi hulitambua hilo baada ya kumaliza nguvu zao kwenye kozi ndogo.

Tatizo kubwa liko kwenye ngazi za pointi. Tuchukue wanafunzi wawili wenye kozi 10 za krediti sawa. Wa kwanza amepata 69 katika kozi zote. Zote ni B+, na GPA yake ni 4.0. Wa pili amepata 70 katika kozi nne na 60 katika sita zilizobaki. Wastani wake ni 64, lakini GPA yake ni 4.4, naye ndiye anayevaa daraja la kwanza. Aliyemzidi mwenzake kwa alama tano za wastani ameachwa daraja zima nyuma. Kenya, ambako vyuo vingi hutumia wastani wa alama na daraja la kwanza huanzia 70, wote wawili wangeangukia daraja la pili la juu, na sioni ni nani angelalamika kwa haki.

La pili ni kwamba daraja la kwanza hapa halina njia yake ya kusoma, bali ni matokeo ya hesabu tu. Chuo cha Swarthmore cha Marekani kimekuwa na programu ya heshima za kitaaluma tangu 1922, ambamo mwanafunzi huomba kuingia, huandaliwa kwa semina nzito, na mwishoni hutahiniwa kwa maandishi na kwa mdomo na wataalamu kutoka nje ya chuo. Mwombaji aliyepitia hayo ana la kueleza kwenye usaili. Wa kwetu, hata akiwa na 4.6, mara nyingi hunionyesha namba na kunyamaza.

Kwa kipimo chake chenyewe, mfumo huu naupa 3.4: daraja la pili la chini, ukiwa mlangoni mwa la juu. Anayelenga kubaki chuoni kufundisha ahesabu mapema, kwani mwongozo wa TCU unamtaka mkufunzi msaidizi awe na GPA isiyopungua 3.8, na kozi iliyofaulishwa kwa sapu kwa kawaida haivuki C, hata kama mtihani huo wa marudio ulijibiwa vizuri namna gani. Wanaosomea udaktari wa binadamu hawana haja ya kikokotoo hiki, kwa sababu shahada yao hutolewa bila daraja.