Tembo la mnazi na uraka wa Mtwara: lipi ununue, saa ngapi, na kipi ukiache

Ukimwuliza muuzaji wa tembo, pombe ya utomvu wa mnazi, kama ni tamu, atakujibu ndiyo, siku zote. Swali la kumwuliza ni moja tu: limeshushwa saa ngapi?

Nimenunua tembo la mnazi na uraka, yaani pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, kwa misimu mitatu mfululizo, kuanzia Mikindani na njia ya kuelekea Msimbati, hadi Mnazi Mmoja ya Lindi, na huko juu uwandani, Newala na Tandahimba. Kila nilipoonja niliandika daftarini: saa liliposhushwa au kukamuliwa, saa nilipolinywa, chombo, rangi, harufu, kisha alama kati ya kumi. Sasa daftari limejaa. Alama zinapanda na kushuka kufuata saa kuliko zinavyofuata kijiji au sifa za mgema. Kwa hiyo mpangilio huu hausemi "nenda kwa fulani". Unasema ununue nini, na lini.

La kwanza: tembo la asubuhi, linywewe kabla ya saa tano (alama 9)

Ili ujue unacholipia, simama chini ya mnazi angalau mara moja. Mgema huchagua karara, ganda linalofunika maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, akalifunga kamba na kuligongagonga taratibu kwa siku kadhaa, kisha akakata ncha kwa kotama, kisu chake cha kugemea. Utomvu unaanza kudondoka. Tangu hapo anapanda asubuhi na jioni kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Anateremsha kilichojaa, anakata tena kipande chembamba kama ukucha ili kidonda kisizibe, anatundika chombo kingine. Karara hilo halitazaa nazi. Mwenye mnazi amekubali kuacha nazi zake ili wewe unywe, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu akivutana bei na mgema kana kwamba amechota maji kisimani.

Utomvu wenyewe ni maji ya sukari, na sukari hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hakuna anayetia hamira. Chachu inatoka hewani, kwenye karara, na zaidi ya yote ndani ya chombo kilichotumika jana. Linaanza kuchacha likiwa bado huko juu mtini. Kwa hiyo lile lililodondoka usiku, kwa ubaridi, linachacha polepole na kufika chini likiwa bado na utamu. Lililodondoka mchana kutwa juani hufika likiwa kali tayari.

Mgema ninayenunua kwake Mikindani hushuka karibu saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi moja nilimkuta ndiyo kwanza anakanyaga chini, kibuyu kiunoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umewahi. Subiri nilichuje."

Akalimimina kupitia kitambaa cheupe, nyuki wawili na vumbi la karara vikabaki juu. Lilikuwa na rangi ya maji ya dafu yaliyotiwa tone la maziwa. Nikalionja hapo hapo: utamu wa dafu, harufu ya mkate unaoumuka, mchomo mdogo kwenye ncha ya ulimi. Nikaandika 8. Nikalirudia saa nne, likiwa limekaa kivulini. Povu lilikuwa limepanda, rangi imekuwa nyeupe kabisa, utamu umepungua na ukali umeingia, vyote viwili vikilingana. Hapo nikaandika 9. Saa nane mchana lilikuwa 6. Chombo ni kile kile na mnazi ni ule ule.

Anayetaka utamu mtupu, au asiyetaka kilevi kingi, alinywe pale pale linaposhuka, na amwombe mgema chombo kipya badala ya kibuyu cha siku zote. Hata hivyo asidhani kwamba halina kilevi kabisa.

La pili: uraka wa siku moja, Oktoba hadi Desemba (alama 8)

Najua wapo watakaokasirika kuona uraka uko chini ya tembo. Na wale wa Newala watasema nimewapendelea watu wa pwani. Ukweli ni kwamba uraka ukipatikana mzuri unalingana na tembo lolote, ila mzuri ni shida kuupata, na msimu wake ni mfupi.

Mkorosho asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani hii katika karne ya 16. Leo Mtwara na Lindi ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya korosho za nchi nzima. Sisi tunahesabu korosho, tunazipeleka ghalani, tunasubiri mnada. Bibo, ambalo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yake, mengi yanaoza chini ya mti. Tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa, linaachiwa inzi! Kila msimu nikipita mashambani naumia moyo. Kila ndoo ya uraka mzuri ni mabibo yaliyookolewa.

Shida ya bibo ni mbili. Kwanza, halikai: likianguka na kupondeka, kesho yake limeanza kuharibika, na bibo lililooza linatoa uraka wenye harufu ya ghala lenye unyevu. Pili ni ukakasi, ule unaokausha ulimi na kukwaruza koo. Wakamuaji hodari wanalimudu hilo. Wanachagua mabibo ambayo hayajapasuka, wanayaosha, wanakamua siku hiyo hiyo, na juisi wanaiacha ituame kabla haijachacha. Kutia uji mwepesi wa wanga kwenye juisi mbichi nako kunasaidia: ukakasi unashikana na wanga, unazama chini, juu unabaki maji ya dhahabu. Ukiona uraka wenye rangi ya chai ya rangi, angavu, na mashapo yametulia chini ya ndoo, umefika pazuri.

Mwulize mama muuzaji maswali mawili, kwa adabu. "Mama, mabibo yaliokotwa lini?" na "Umekamua lini?" Majibu mazuri yanafanana: yaliokotwa na kukamuliwa siku moja, na siku hiyo ni jana. Uraka wa jana asubuhi, ukinywewa leo mchana, una harufu ya bibo bivu, uchachu kama wa ukwaju, na ukakasi kidogo tu mwishoni, unaokufanya utamani korosho ya kukaanga. Na korosho zenyewe zipo hapo hapo.

Siku nyingine nilipewa wa siku tatu, kwenye dumu la njano, na muuzaji akanihakikishia kwamba umekolea. Ulikuwa umekolea siki. Nikaandika 3, na nusu ya dumu nikairudisha nyumbani kwa kazi nyingine nitakayoisema chini.

La tatu: tembo la jioni (alama 7)

Hili ndilo wengi wanalolijua, kwa sababu ndilo linalokutwa baada ya kazi. Limekaa juani juu ya mnazi kutwa nzima, limeiva, kilevi chake kinakaribia cha bia ya kawaida. Si baya hata kidogo, hasa ukiwa na pweza wa kuchoma au muhogo wa kukaanga, kwa kuwa ule uchachu unakata mafuta. Lakini linywe jioni hiyo hiyo. Lisilale.

Na hapa ndipo panapohitaji macho. Waswahili walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nimeshayaonja maji hayo. Tembo halisi lililoiva ni jeupe zito, linafunga povu dogo dogo pembezoni mwa kikombe, na ukilizungusha linaacha ukungu kwenye kuta. Lililotiwa maji lina weupe wa kijivu, kama maji ya kuoshea mchele, na povu lake linakufa kabla hujafikisha kikombe mdomoni. Lililotiwa sukari ili kuficha uzee unalijua kwa mpangilio wa ladha: utamu unatangulia mbele ya ulimi ukiwa peke yake, halafu siki inakupiga nyuma. Kwenye tembo changa, utamu na uchachu vinafika pamoja. Onja kwanza kikombe kimoja, ndipo uagize dumu. Mgema mwaminifu hatakukatalia.

Mengine, kwa ufupi

Pombe za nafaka za vilabuni nimezipa kati ya 5 na 6. Zinashibisha, bei yake ni nafuu, lakini hazina kitu cha pwani ndani yake. Kama mtama ndiyo hamu yako, afadhali togwa safi. Bia ya kiwandani ni ile ile Mtwara, ile ile Mbeya, kwa hiyo sikuipa alama.

Tembo lililosafirishwa kwenye basi limepata 4, na hapo nimelihurumia. Mwaka juzi nilinunua lita tatu Mnazi Mmoja nikaja nazo Mtwara kwenye chupa za maji, vifuniko nimevikaza vizuri nikidhani ndiyo uangalifu. Tembo halikomi kuchacha kwa sababu wewe umepanda basi. Hewa ikajaa, chupa moja ikapasuka karibu na kona za Mikindani na kumlowesha mama aliyekaa mbele yangu. Alikuwa anakwenda msibani, na khanga ile ndiyo aliyoivaa kwa msiba huo. Nilimwomba radhi njia nzima, na bado nikimkumbuka naona haya. Kama lazima usafiri nalo, jaza chombo robo tatu, kifuniko kilegee, chombo kisimame wima ndani ya ndoo, na kama una barafu lizungushie. Ubaridi ndio unaolichelewesha.

Gongo, ambalo huku wengi wanaliita nipa likitoka kwenye mabibo, limepata sifuri, na sitaki ubishi. Kulitengeneza bila leseni ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966, lakini hata sheria isingekuwepo ningesema vile vile. Hujui limepikwa kwenye pipa gani, hujui limechanganywa na nini, na methanoli haina ladha ya kukuonya. Inapofusha macho, inaua. Pua na ulimi, ambavyo kwenye tembo na uraka vinakuambia kila kitu, hapa havina msaada.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na chombo chako, kilichooshwa kwa maji moto na kukaushwa. Chombo kichafu kinaua tembo kuliko jua. Tazama kichujio cha muuzaji, na maji anayosuuzia vikombe. Lipa bei kamili asubuhi. Jioni, kama lililobaki ni la asubuhi, una haki ya kuomba lishuke bei, na muuzaji anajua.

Mikindani, Msimbati na vijiji vingi vya pwani ni vya Waislamu, na majirani wengi wa mgema hawagusi kilevi. Usibebe dumu wazi mbele ya msikiti, usinywee barazani kwa mtu, na mwezi wa Ramadhani mwache mgema na watu wake wapumzike. Ukija na bodaboda, rudi kama abiria.

Mwulize pia mgema hali ya minazi yake. Ugonjwa unaokausha minazi umemaliza mashamba mengi ya pwani, na ukishaingia shambani hakuna dawa ya kumponya mnazi uliougua. Mgema wangu amebaki na minazi kumi na mmoja anayoigema. Anaipumzisha kwa zamu, kwa hiyo siku nyingine hunirudisha mikono mitupu, nami nakubali.

Lililobaki usilimwage. Tembo la asubuhi, kikombe kimoja, linaumua vitumbua vizuri kuliko hamira ya dukani, na harufu yake inabaki kwenye kitumbua. Lililochacha kupita kiasi, la mnazi au la mabibo, litie kwenye chupa ya kioo, funika mdomo kwa kitambaa badala ya kifuniko, weka mahali penye giza wiki tatu au nne. Utapata siki. Ule uraka wangu wa alama 3 ndio niliotilia achari ya embe mwezi uliofuata, na achari ile nimeiandika daftarini: 9.